Mtoto ameshiba ugali, mbona miguu imevimba?

Mara nyingi mama huja kwangu hapa Kakamega na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mashavu yamejaa, miguu imetuna, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi. "Daktari, huyu hula uji na ugali mpaka akashiba, tena amenenepa," asema. La hasha! Hayo ni maji mwilini, na huenda ni kwashakoo.

Daktari Cicely Williams aliueleza ugonjwa huu mwaka wa 1933, katika nchi ambayo leo ni Ghana, kwa watoto waliolishwa zaidi mahindi. Je, mahindi yanakosa nini? Jicho halioni, lakini maabara huona.

Protini hujengwa kwa asidi amino za aina 20. Kati yake, 9 mwili hauwezi kujitengenezea; lazima zitoke kwenye chakula. Ili kuzipima, wataalamu huchemsha unga katika asidi kali mpaka protini zivunjike. Kisha huzipitisha pamoja na kimiminika katika mrija uliojaa chembe ndogo za resini zenye chaji hasi ya umeme. Njia hii huitwa kromatografia. Asidi amino zenye chaji chanya hushikwa sana na resini. Nyingine huteleza upesi. Hutoka kwa zamu, kama abiria wa matatu washukao kila mmoja kituoni pake. Lisini ni miongoni mwa zinazochelewa. Zikishatoka huchanganywa na ninhidrini, na nyingi hugeuka zambarau. Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo kiasi kilivyo kikubwa. Triptofani huharibiwa na ile asidi, hivyo hupimwa kando.

Stanford Moore na William Stein wa New York, pamoja na Darrel Spackman, walitangaza mashine ya kufanya kazi hii mwaka wa 1958. Moore na Stein walipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 1972.

Vipimo vya aina hii vimeonyesha kwamba mahindi ya kawaida yana upungufu wa lisini na triptofani. Fundi mwenye matofali tele bila saruji hajengi nyumba. Maharagwe yana lisini nyingi lakini metionini kidogo, ambayo mahindi yanayo. Ndiyo maana githeri ni chakula cha busara.

Kwashakoo haitokani na protini pekee; surua na kuhara pia huchangia. Hata hivyo, mtoto akishatimiza miezi 6, endelea kumnyonyesha, na umpe uji au ugali pamoja na maharagwe yaliyopondwa, omena iliyosagwa, yai au karanga zilizosagwa.

Bonyeza nyayo zake kwa juu kwa kidole gumba, ukihesabu sekunde 3. Shimo likibaki miguu yote miwili, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.