Kuamka Usiku Kwenda Haja Ndogo

Ndugu mkulima, kila asubuhi wapima maziwa ya ng'ombe wako na kuyaandika, maana hesabu ndiyo inayoonyesha kasoro. Basi ukiamka mara mbili au zaidi kila usiku kwenda haja ndogo, usiseme tu, "Ni uzee," wala usione haya. Pima vivyo hivyo.

Twaa kopo kuukuu, ulitie alama, nalo lisitumike tena kwa maziwa. Kwa siku tatu, mchana na usiku, andika saa na kiasi cha mkojo.

Ukiwa mwingi kila mara, sababu yaweza kuwa chai au pombe ya jioni, miguu iliyovimba, au ugonjwa wa sukari. Mwenye sukari huona kiu sana, tena huweza kukonda ingawa anakula.

Ukiwa kidogo kidogo na kuchoma, huenda kibofu kina ugonjwa. Mwanamume aliyepita miaka 50, mkojo wake ukikawia kuanza na kutoka kwa unyonge, huenda tezi dume imekua.

Kunywa maji ya kutosha mchana, na upunguze vinywaji kabla ya kulala. Kisha peleka karatasi yako kwa daktari. Tone la damu ya kidole laonyesha sukari mara moja.

Ukiona damu katika mkojo, au ukishindwa kabisa kukojoa, nenda siku ile ile. Usikawie: sukari isiyotibiwa huharibu macho, figo na miguu, na shamba lataka vyote vitatu.