Jinsi ya Kuipima Mitungo ya Senti za Zamani

Watu wengi wa nchi hii, na hata wa nchi jirani, hulijua jina la Samunge kwa sababu ya mwaka 2011, ambapo magari yalipangana barabarani usiku na mchana yakingoja kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Lakini mimi, niliye mraibu wa sarafu kuukuu, hukiendea kijiji hicho cha Wasonjo, wilayani Ngorongoro, kwa haja nyingine, nayo ni mitungo ya senti za tundu na misokoto ya karatasi yenye sarafu ndani yake, ambayo wazee waliiweka akiba masandukuni na ambayo warithi wao sasa huiuliza thamani. Ninayoyaeleza hapa ndiyo niyafanyayo kila niwekewapo mtungo mbele yangu.

Jambo la kwanza ni kuuliza kabla ya kugusa. Husema, “Shikamoo, bibi,” na baada ya marahaba huuliza nani aliyezitunga. Nikijibiwa, “Alizitunga marehemu babu yako, zama za kuuza mbuzi mnadani,” nimekwisha kupata nusu ya elimu niitakayo, kwa kuwa akiba iliyokusanywa na mkono mmoja kwa miaka mingi haijachambuliwa, ilhali mtungo uliopita kwa dalali aghalabu umekwisha kunyofolewa kilicho bora.

Pili, usihukumu kwa kutazama ncha. Sarafu za mwanzo na mwisho wa mtungo, kadhalika zile za midomoni mwa msokoto, ndizo zilizopigwa na hewa, jasho na moshi wa jikoni, hata zikawa nyeusi. Za katikati, zilizolaliana uso kwa uso, huweza kuwa na wekundu wa shaba ya siku zilipogongwa. Wadanganyifu nao huijua siri hii na kuigeuza, wakaweka nzuri nchani na mbovu ndani. Basi ufungue uzi taratibu, bighairi ya kuzivuta sarafu zikasuguana, uzitandaze juu ya kitambaa laini kwa mpango uleule, na uzishike kwa ukingo.

Hapo ndipo usomaji unapoanza. Senti nyingi za tundu zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, na baada ya shilingi kuanzishwa mwaka 1921 senti mia zilifanya shilingi moja: ya senti moja ndogo, ya tano ya wastani, na ya kumi pana, upana wake ukizidi kidogo milimita 30, zote zikiwa na pembe za ndovu zilizolikumbatia tundu. Tazama jina la mtawala, kisha mwaka, kisha herufi ndogo ya kiwanda: H na KN ni za Birmingham, I ni ya Bombay, SA ni ya Pretoria. Mwaka uleule waweza kuwa wa kawaida kwa herufi moja na adimu kwa nyingine, kwa hiyo bila kioo cha kukuzia usitaje bei.

Hapana sarafu iliyosababisha ubishi mwingi kama ya mwaka 1936 yenye jina la Edward wa Nane. Mfalme huyu alitawala tangu Januari hadi Desemba ya mwaka huo, akakiacha kiti kabla ya kutawazwa, na katika sehemu nyingi za dola yake hazikutoka sarafu zenye sura yake. Lakini senti tano na senti kumi zetu, kwa kuwa zina tundu mahali pa uso, zilihitaji jina tu, nazo zikagongwa kwa wingi. Kwa ajili hiyo hadithi yake ni ya ajabu na bei yake ni ya chini. Mwenye mali hukasirika akiambiwa hivi, lakini uadimu hupimwa kwa idadi ya sarafu zilizobaki, na kisa cha mfalme hakiuongezi.

Madini nayo yana hukumu yake. Shilingi na nusu shilingi zenye simba, za kabla ya mwaka 1948, zina fedha robo moja tu, wala si fedha tupu kama wengine wadhanivyo. Za tangu mwaka huo hazina fedha kabisa. Ukikuta katikati ya mtungo sarafu ya heller ya Kijerumani yenye tundu, iweke kando; na ukikuta katika msokoto heller 20 ya mwaka 1916 yenye herufi T, iliyogongwa Tabora wakati wa vita, iweke mbali zaidi, maana jamii yake ina namna nyingi zinazotofautiana bei. Ama wale wazungukao vijijini wakinong'ona kwamba rupia ya Mjerumani ina zebaki au majini, na kwamba hununuliwa kwa mamilioni baada ya wewe kulipa ada ya uchunguzi, hao ni wezi, funga mlango.

Katika hali ya sarafu, rangi ya kahawia iliyotulia ni afya, hata ikiwa nyeusi. Kijani kigumu, chenye uso laini, mguuni mwa herufi huvumilika. Kijani mpauko kilicho unga, ambacho ukikipangusa hurudi baada ya muda, ni maradhi ya shaba, na sarafu yenye unga huo haitakiwi kukaa na wenzake. Tundu la pili lililotobolewa kwa ajili ya kidani huiondolea sarafu sehemu kubwa ya thamani yake; tundu la kiwandani lililokosa kitovu laweza kuiongeza.

Ndimu, ukwaju, majivu na mchanga, ambavyo bibi zetu husugulia sufuria za shaba, ni adui wa kazi hii: hula ngozi ya sarafu na kuiacha na mng'ao wa uongo ambao mnunuzi mjuzi huutambua mara moja. Ikiwa kuna tope, iloweshe katika maji yaliyotoneshwa, uiache ikauke yenyewe, kisha uihifadhi katika karatasi kavu, si plastiki laini.

Wengi mtapata mtungo wa senti za kawaida, na hizo huuzwa kwa jumla kwa bei ndogo. Uzeni hizo mkitaka, lakini kabla ya hapo chambueni za herufi adimu na za Tabora, mkawaonyeshe wanunuzi wawili wasiojuana, na mkienda kwao msizioshe.