Kabla Hujajiandikisha

NEEMA: Mjomba, chuo cha jamii hapa Columbus kimenikubali nisome haki jinai, miaka miwili. Nawe umekuwa mkalimani mahakamani siku nyingi. Watanifundisha kukamata wahalifu?

MJOMBA: Mwanangu, kukamata kunafundishwa kwenye akademi ya polisi, nayo ina mafunzo yake. Darasani utasoma jinsi kesi inavyotoka kwa polisi, ikapita mahakamani, ikaishia gerezani au nyumbani. Lakini kiini cha somo ni mipaka ya dola juu ya mtu mmoja.

NEEMA: Mipaka? Mimi nilidhani ni nguvu za dola.

MJOMBA: Sikiliza kisa cha Clarence Earl Gideon. Mwaka 1961, kule Florida, alishtakiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool kwa nia ya kuiba. Hakuwa na fedha. Akaomba wakili, jaji akamnyima, maana sheria ya jimbo ilimpa maskini wakili kwa kesi ya kifo tu. Akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano. Humo gerezani akaandika ombi kwa penseli, likafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1963 majaji wote tisa wakaamua kuwa maskini aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa lazima apewe wakili. Kesi ikasikilizwa upya, safari hii ana wakili wa kumhoji shahidi ipasavyo, na jopo la wananchi likamwona hana hatia. Ushahidi wa kumtia hatiani haukuwa na nguvu tangu mwanzo, ila hapakuwa na mtu wa kuuchambua.

NEEMA: Basi kila mshtakiwa siku hizi anapata kesi kama ile?

MJOMBA: Hapana, na hili likukae moyoni. Zaidi ya tisa katika kila kumi wanaotiwa hatiani nchi hii hukiri wenyewe, wengi baada ya mapatano na mwendesha mashtaka. Nimesimama kando ya watu wetu wakiulizwa kama wameelewa haki wanazoziacha. Wanaitikia kwa kichwa upesi, wanataka kurudi kwa watoto. Nchi inahitaji maofisa watakaouliza mara ya pili. Ndiyo sababu nafurahi unakwenda.

NEEMA: Na kazi, Mjomba? Mama anauliza hilo kwanza.

MJOMBA: Ana haki. Kuna ulinzi wa magereza, kupokea simu za dharura, ukarani wa mahakama. Idara nyingi za polisi zinataka raia, kwa hiyo angalia karatasi zako mapema. Ukitaka kuwasimamia waliohukumiwa kifungo cha nje, mara nyingi wanadai shahada ya miaka minne.

NEEMA: Krediti sitini za miaka hii miwili si zitanisogeza huko?

MJOMBA: Inategemea. Programu moja imeundwa ili uhamie chuo kikuu. Nyingine ni ya kwenda kazini moja kwa moja, na chuo kikuu chaweza kukataa sehemu ya krediti zake. Kabla hujalipa hata dola moja, omba makubaliano ya kuhamisha krediti kwa maandishi. Maneno ya mdomo ya mshauri hayatoshi.

NEEMA: Nitaomba. Na sasa hivi nianzie wapi?

MJOMBA: Mahakamani. Vikao ni vya wazi. Kesho wapo watakaosomewa mashtaka.

NEEMA: Nije saa ngapi?

MJOMBA: Saa mbili na nusu asubuhi. Mlangoni wanakagua mikoba, uwahi foleni.