Tangi la maji taka msimu wa mvua

*Mwenye nyumba za kupangisha karibu na mto Nyangores, Bomet, anauliza: tangi la maji taka hunuka na kufurika kila masika, je, atakosa kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya?*

Hofu hiyo ina msingi, ingawa mara nyingi tangi jipya halihitajiki. Ndani ya tangi, vitu vizito huzama vikawa tope na mafuta huelea, huku maji ya katikati yakitoka kuelekea shimo la kunyonyea. Tope likizidi theluthi ya kina, maji hutoka kabla uchafu haujatua, na udongo ulioloa mvua huyakataa. Basi tope lipimwe kwa mti mrefu kila mwaka, lifyonzwe na lori lenye leseni, risiti zitunzwe kwa ajili ya ukaguzi, na maji ya paa yaelekezwe kwingine.

Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita cha BOD, yaani oksijeni inayotumiwa na bakteria kuozesha uchafu, kwa maji yanayomwagwa kwenye mazingira. Tangi pekee halifikii kiwango hicho, kwa hiyo bomba la kupeleka maji hayo mtoni, hata likifichwa kwenye michai, ni kosa. Kisima cha jirani kikianza kunuka, maji yake yasinywe, na afisa wa afya ya umma aarifiwe siku hiyohiyo.