Majani Hayazai Mbu, Maji Ndiyo Yanayozaa

Mvua za vuli na za masika zinapoanza hapa Same, kila mwenye jembe huelekea shambani. Wakati huohuo wengi wetu hufyeka kila jani lililo karibu na nyumba, tukiamini kuwa mbu wamekwisha. Kufyeka ni jambo jema, kwani mbu wazima hupumzika kwenye kivuli chenye unyevu, na nyoka nao hujificha humo. Lakini jani halizai mbu. Ua uliofyekwa ukabaki na kopo moja lenye maji bado utatoa mbu.

Mbu anavyokua
Mbu jike hutaga mayai majini au pembeni mwa maji. Yai huwa kiluwiluwi, kisha pupa, kisha mbu anaruka. Kwenye joto la tambarare safari hiyo huchukua takriban siku 7 hadi 14. Kwa hiyo maji yakimwagwa na chombo kikasuguliwa kila wiki, kizazi hicho hufa kabla ya kuota mabawa.

Tazama maji haya
1. Maji safi yaliyosimama juani: nyayo za ng'ombe, mashimo ya matofali, mifereji iliyoziba na majaruba ya mpunga kama yale ya Ndungu. Humo huzaliana anofelesi, mbu wa malaria. Fukia mashimo, zibua mifereji.

2. Maji ya kwenye vyombo: makopo, matairi, vifuu na mapipa yasiyofunikwa. Humo huzaliana edesi, mbu wa dengue anayeuma mchana. Ugonjwa huo ulizuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Baadhi ya jamaa zake huzaliana hata kwenye maji yanayotuama penye mashina ya majani ya migomba na magimbi. Hatusemi ukate migomba, ila usiipande dirishani.

3. Maji machafu ya vyoo na makaro. Hayo ni ya kyuleksi, anayeweza kueneza matende. Funika mashimo vizuri.

Tusizisahau ndiva zetu, ambazo wazee wa Kipare walizijenga ili zijae usiku na kufunguliwa mchana. Magugu ya kingoni huwapa viluwiluwi maficho. Msaragambo wa kusafisha ndiva ni kazi ya kilimo na ni kazi ya afya pia.

Dawa peke yake haitoshi
Kati ya mwaka 1955 na 1959 nyumba za Pare na Taveta zilipuliziwa dawa ya dieldrini katika mradi mkubwa wa kupambana na malaria. Malaria ilishuka sana. Upuliziaji ulipokoma, mbu walirudi kidogo kidogo na ugonjwa ukawafuata, kwa sababu mazalio yalikuwa yangalipo.

Basi usichukue sumu iliyobaki ya mahindi au nyanya ukapulizia chumbani. Hiyo ni hatari kwa watoto. Na mwarobaini au mchaichai uliopandwa uani hauchukui nafasi ya chandarua.

Chandarua si cha kitalu
Wapo wanaofunika kitalu cha mboga kwa chandarua kilichotolewa kwa ajili ya mjamzito au mtoto mchanga. Mche unapona, mtoto anaumwa. Funika kitalu kwa nyasi kavu.

Na ninyi mnaoshuka kutoka Mbaga, Mamba au Vudee kwenda kulima Ndungu, Kihurio au Maore, shukeni na vyandarua. Huko juu kwenye baridi mbu wa malaria ni wachache, hivyo miili yenu haijazoea ugonjwa huo na unaweza kuwalaza vibaya. Ukipata homa baada ya kurudi, usinunue dawa kwa kukisia. Nenda ukapime, na umweleze tabibu ulikotoka.

Mtume (s.a.w.) alituamrisha kufunika vyombo na kufunga viriba usiku, kama ilivyopokewa katika Sahihi Muslim. Tuanze na pipa la maji ya udhu, nyumbani na msikitini. Tuchague siku moja, mathalani Ijumaa asubuhi kabla ya kuoga, kila mtu azunguke ua wake na kumwaga maji yaliyotuama. Watoto wa madrasa wanaweza kufundishwa kumtambua kiluwiluwi. Macho yao ni mepesi kuliko yetu.