Neno Jema na Mwenye Kulisema

Katika darasa yetu ya leo twapenda kutazama jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni kulihifadhi neno jema mtu alilopata kuambiwa likamfurahisha. Mfano wake tutautwaa kwa Kaab bin Malik (R.A.), mshairi wa Kiansari, ambaye kisa chake kimepokewa na Bukhari na Muslim.

Mwaka wa 9 wa Hijra (630), Mtume (S.A.W.) alitoka na jeshi kwenda Tabuk, na Kaab akabaki Madina pasina udhuru. Jeshi liliporejea, wengine walizua sababu. Yeye alisema kweli. Mtume akawakataza watu kusema naye, yeye na wenziwe wawili, Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya. Kaab akawa anatembea sokoni wala hapana amsemezaye. Hata Abu Qatada, mtoto wa ami yake aliyempenda mno, hakumrudishia salamu.

Asubuhi baada ya usiku wa 50, Kaab alikuwa juu ya dari ya nyumba yake, akasikia mtu akinadi kutoka mlimani kwamba toba yake imekubaliwa. Akamzawadia mtu huyo nguo zake mbili, naye siku ile hakuwa na nyingine. Akaazima za kuvaa, akaenda msikitini. Alipoingia, Talha bin Ubaidullah aliinuka akamwendea mbio, akampa mkono na kumpongeza. Katika Muhajirina hapana mwingine aliyeinuka. Kisa hiki kimepokewa kwa mwanawe Abdullah, aliyekuwa akimwongoza baba yake baada ya kupofuka. Na ndani yake Kaab ametaja kuwa jambo lile la Talha hatalisahau.

Natuangalie: Talha alitoa nini? Hakutoa mali. Alitoa hatua chache, mkono, na maneno machache. Wala hakumvika Kaab kilemba cha ukoka kwa kumwambia kuwa hakukosa. Bali alifurahi kwa furaha ya mwenziwe, na akaionyesha mbele za watu kwa wakati wake.

Liko na jambo la pili. Kule Tabuk, Mtume alipomuulizia Kaab, mtu mmoja wa Bani Salima alimteta kuwa amezuiliwa na nguo zake na kujiona. Muadh bin Jabal akamkemea mtu yule, akasema kuwa wao hawamjui Kaab ila kwa kheri. Neno hili Kaab hakuwapo liliposemwa. Lilimfikia baadaye naye akalihifadhi. Na lililo kubwa zaidi ni hili: katika masimulizi yake, aliyemtetea amemtaja kwa jina, na aliyemteta amemwita “mtu mmoja” tu.

Ama katika miji yetu, mara nyingi mambo huwa kinyume. Neno la kuumiza huwekwa miaka 20, pamoja na siku yake, mahali pake na jina la mwenye kulisema. Na neno la kheri husahauliwa kabla ya kucha. Asiyekumbuka raha ya kuambiwa neno jema huwa bahili wa kulisema. Kwa hivyo mke aliyepika, fundi aliyejenga, na mwalimu wa chuo aliyesomesha watoto wa mtaa mzima, hawasikii ila kasoro zao. Sifa zao hungoja mazikoni, nao wakati huo hawana masikio ya kuzisikia.

Basi, ewe ndugu msomaji, usiku wa leo baada ya Isha, jitajie nafsini majina ya watu watatu waliopata kukuambia neno likakutuliza moyo. Aliye hai mwendee, umwambie kuwa neno lake ungali nalo. Aliyekufa muombee dua, na uwaeleze wanawe wema wa mzee wao. Kisha mtazame aliye karibu nawe leo, anayengoja neno kama lile, wala usimngojeshe.

Wabillahi tawfiq.