Kutoka arobaini hadi kilomita 21 za Moshi

Tangu nimalize nusu marathoni ya Kilimanjaro, akina mama wenzangu wananiuliza nimepunguza kilo ngapi. Sijibu kwa kilo. Nawaambia napanda ngazi hadi ghorofa ya nne nikiwa na mtoto mgongoni na mfuko wa sokoni mkononi, nakaa kwenye mkeka na kuinuka bila kushika ukuta, na nakimbia kilomita 21. Nilipojifungua kwa upasuaji hapa Dar es Salaam niliamua lengo langu liwe jambo la kufanya, mzani ukae pembeni. Uamuzi huo ndio ulionibeba. Uzito wa mama anayenyonyesha hupanda na kushuka kwa sababu ya maji, maziwa na usingizi, na ukiufuatilia kila asubuhi utakata tamaa wiki ileile ambayo mwili wako umefanya kazi nzuri.

Arobaini niliiheshimu yote. Bibi alitoka Tanga akanipikia uji wa pilipili manga, jirani yetu Mchaga akaleta mtori, nami nikalala kila mtoto alipolala. Wapo wanaoona mila hii imepitwa na wakati. Mimi naona wazee wetu walijua jambo ambalo wauza dawa za tumbo bapa hawalijui. Hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na haimruhusu kurudi kazini kabla ya wiki sita mpaka daktari athibitishe kwamba anaweza. Ikiwa mwajiri hana ruhusa ya kukudai kazi ya mezani kipindi hicho, kwa nini ujidai mwenyewe kuruka kamba?

Bibi alinifunga mkaja. Kanga iliyofungwa vizuri inategemeza mgongo na kupunguza maumivu unapokohoa au kuinuka kitandani, na hiyo ndiyo faida yake. Haiunganishi misuli iliyoachana. Ikibana mno inasukuma uzito chini kwenye nyonga, mahali ambapo mimba imekwisha kupachosha. Tukakubaliana naye kwamba mkaja usikaze kiasi cha kunizuia kuvuta pumzi mpaka tumboni, na kwamba kukandwa kwa maji ya moto kuishie mgongoni na miguuni, mbali na mshono.

Mazoezi yangu ya kwanza hakuna aliyeyaona. Nililala chali, magoti yamekunjwa. Vuta pumzi taratibu hadi mbavu zitanuke. Unapoitoa, kaza misuli ya chini, ile inayozuia mkojo na hewa, uivute kwenda juu, shikilia ukihesabu hadi tano, kisha iachie kabisa. Wengi husahau kuachia, na misuli inayobaki imekaza muda wote huchoka na kuuma. Usilifanye zoezi hili ukiwa chooni unakojoa. Daktari Mmarekani Arnold Kegel ndiye aliyeandika kuhusu mazoezi haya mwaka 1948, akiwalenga wanawake waliokuwa wakivujwa na mkojo baada ya kuzaa, na hadi leo ndiyo tiba ya kwanza ya tatizo hilo. Nasema hili kwa sababu wanawake wengi wanaambiwa kwamba kuvuja ukicheka ndiyo uzazi wenyewe, wavumilie. Linawapata wengi, kweli, lakini lina tiba. Mwone mtaalamu wa fiziotherapia, usione haya.

Misuli ya tumbo unaweza kuikagua mwenyewe. Ukiwa umelala chali, weka vidole juu ya kitovu, inua kichwa kidogo, usikilizie nafasi iliyo kati ya misuli ya kulia na ya kushoto. Vidole viwili hivi si jambo la kutisha. Ikizidi hapo, au ukiona tumbo linachomoza katikati kama paa la nyumba unapojiinua, acha mazoezi ya kukunja tumbo, endelea na ya pumzi, na kitandani inuka kwa kugeuka ubavu kwanza.

Wiki ya sita nilirudi kliniki na maswali yameandikwa kwenye karatasi: mshono umeungaje, presha ikoje, wingi wa damu ni kiasi gani. Swali la tatu naliomba kila mama aliulize. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na angalau gramu 12 kwa desilita. Chini ya hapo uchovu hautaisha kwa kujikaza. Mimi damu ilikuwa pungufu. Nilimeza vidonge vya kuongeza damu nilivyoandikiwa, nikala maini, dagaa, maharage na mchicha wenye limau, na chai nikaisogeza mbali na chakula kwa sababu inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Kwetu chai na chakula havitengani, kwa hiyo hili lilichukua muda, lakini nguvu zilianza kurudi hapo, kabla sijakimbia hata hatua moja.

Kukimbia kulisubiri. Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na wataalamu wa fiziotherapia Tom Goom, Gráinne Donnelly na Emma Brockwell unashauri mama asikimbie kabla ya miezi mitatu, na hata baada ya hapo ajipime kwanza. Baadhi ya vipimo vyake unavifanya sebuleni. Tembea nusu saa, simama kwa mguu mmoja sekunde kumi, chuchumaa kwa mguu mmoja mara kumi kila upande, kimbia papo hapo dakika moja, rukaruka kwa mguu mmoja mara kumi. Ukisikia maumivu, uzito sehemu za siri, au mkojo ukitoka, rudi kwenye kutembea na kuimarisha nyonga. Waliopasuliwa tukumbuke kwamba baada ya wiki sita, utando mgumu unaoshikilia tumbo una takriban nusu tu ya nguvu yake, hata kama ngozi ya juu imefunga vizuri.

Kwa hiyo nilitembea, kwanza hadi dukani, kisha kuzunguka mtaa wetu wa Kimara na mtoto kifuani. Nyumbani nilichuchumaa na kuinuka, nikalala chali na kunyanyua makalio, nikasimama kwa vidole vya miguu huku nikisubiri wali uive. Nilipoanza kukimbia, nilikimbia dakika moja na kutembea mbili. Kipimo cha mwendo kilikuwa maongezi: nikishindwa kusema sentensi nzima, napunguza. Hakuna wiki niliyoongeza umbali na kasi kwa pamoja.

Niliambiwa mazoezi yatakausha maziwa. Mazoezi ya kiasi hayakaushi. Kinachoyapunguza ni mtoto kutonyonya vya kutosha na mama kujinyima chakula, na ndiyo maana sikupunguza mlo. Anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku, na wale wanaokunywa maji ya limau tupu asubuhi ili wapungue wananiumiza moyo. Nilinyonyesha kabla ya kutoka ili matiti yawe mepesi, nikavaa sidiria ya michezo yenye mikanda mipana, nikaacha maziwa niliyokamua. Yakikaa nje ni saa nne. Kwenye friji siku nne.

Sasa muda, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Ulikuwa lazima uombwe waziwazi. Nilikaa na mume wangu, mtoto amelala, nikamwambia: nahitaji alfajiri mbili katikati ya wiki na Jumamosi asubuhi, na saa hizo mtoto ni wako, kulisha hadi kubadilisha nepi. Tuliandika kwenye karatasi tukaibandika mlangoni mwa friji. Mama mkwe aliona ajabu mwanzoni. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyemweleza, kwa heshima, na baada ya hapo mama akawa ndiye anayeniamsha. Jambo jingine tulilokubaliana ni kwamba saa zangu zisikatwe kwenye usingizi wa dada wa kazi. Yeye naye ana mwili na ana mipango yake. Nguvu inayojengwa kwa kumchosha binti wa mtu mwingine siitaki.

Kazini, sheria ileile inampa anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Niliomba kwa barua nitoke mapema, hivyo jioni nikawahi basi la mwendokasi kabla halijafurika. Saa niliyookoa niliipeleka kwenye vitabu, kwa maana nilikuwa sijamaliza masomo yangu ya uhasibu na sikutaka uzazi uwe ndio mwisho wake.

Alfajiri sikimbii peke yangu. Barabara ina giza, ina mbwa na bodaboda zisizo na taa. Tafuta klabu ya jogging ya mtaani kwako. Dar zimejaa, na nyingi zina akina mama wa rika zote. Tunaanza saa kumi na moja na nusu, na saa moja jua halijawa kali tumekwisha kurudi. Vilima vya Chuo Kikuu, Mlimani, ndivyo vilivyonipa miguu ya Moshi, maana nusu marathoni ile hupanda kuelekea Mweka kabla ya kukuteremsha tena mjini. Siku ya mbio nilinyonyesha kabla ya kuanza, nikatembea sehemu kali za mlima bila kujali walionipita, nikamkuta mtoto na baba yake karibu na uwanja wa Chuo cha Ushirika.

Ukihisi haraka, mtazame Faith Kipyegon wa Kenya. Alijifungua Juni 2018, hakurudi mashindanoni hadi mwaka 2019, na mwaka 2021 akatwaa tena dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 jijini Tokyo. Yeye kazi yake ni kukimbia, na bado aliupa mwili muda.

Damu ikirudi au ikiongezeka baada ya mazoezi, pumzika na umwone mkunga. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huzuni isiyoondoka kwa zaidi ya wiki mbili, nayo ipeleke kwa daktari kama unavyopeleka homa.

Mwezi Mei nina mtihani wa bodi ya wahasibu. Karatasi ya kwenye friji tumeiandika upya: alfajiri moja ya kukimbia imetoka, jioni mbili za kusoma zimeingia, Jumamosi imebaki ilivyo.